ZAMU YA USIKU

Somo: Zaburi ya 104, mstari wa 14 hadi wa 30

Nawasalimu nyote mnaotusikiliza jioni hii, mlio mezani na mlio bado jikoni, na hasa ninyi ambao mmekwisha kuvaa makoti mazito, mkatwaa tochi na debe la kupigia kelele, mkajiweka tayari kwenda kulinda mahindi. Najua mko wengi, kutoka Kibirichia na Ruiri hata Chogoria, na kushuka hata Mbeere. Kama betri za redio zitaruhusu, nendeni nayo shambani. Neno la leo linawahusu.

Nataka tuzungumze habari za shule za bweni zilizo kando ya msitu. Katika nchi yetu ya Meru na Embu shule za namna hiyo si chache. Wazee walipotoa ardhi ya kujengea shule, mara nyingi walitoa ile iliyo mwisho wa kijiji, pale shamba la mwisho linapopakana na mti wa kwanza wa serikali. Huko kulikuwa na nafasi, na kijito, na kuni. Kulikuwa pia na wenyeji wengine ambao hawakuitwa katika baraza la kutoa ardhi.

Mimi nilisoma katika shule kama hiyo, nje kidogo ya Msitu wa Imenti. Mtoto wa kidato cha kwanza huletwa na mama yake, na sanduku la bati, na godoro lililofungwa kwa kamba, na ndoo iliyoandikwa jina kwa rangi. Mama huondoka. Usiku taa zinazimwa. Ndipo, kutoka mti ulio nyuma ya bweni, unaanza mlio kama wa mlango wa kale unaofunguliwa polepole. Unanyamaza, unarudi, kila mara juu zaidi, hata mwisho wake ni ukelele wa mtu anayenyongwa. Wageni wote wanavuta blanketi kichwani. Wakubwa wanajua vizuri ni kitu gani, lakini hawasemi neno. Na yupo daima mmoja wa kunong'ona kwamba huyo ni mwanafunzi aliyekufa zamani akitafuta kitanda chake. Bweni halina huruma.

Aliyetufungulia fumbo hilo ni mlinzi wa usiku, mzee mwenye koti la jeshi na rungu, ambaye hakusoma hata darasa moja. Alitupeleka chini ya mti, akaelekeza tochi juu, tukaona macho mawili. Akasema, "Huyu ndiye aliyewaliza. Anaitwa perere." Perere ni mnyama mdogo, kiasi cha sungura mnene, asiye na mkia wa kuonekana. Mchana hulala katika tundu la mti, usiku hutoka kula majani na kuwapigia kelele wenzake. Hawezi kumdhuru hata kifaranga.

Wataalamu wa wanyama wanatuambia jambo la ajabu, kwamba perere ana ujamaa wa karibu na ndovu. Usicheke. Ana meno mawili ya mbele yanayokua siku zote, kama pembe ndogo mno. Basi tazama: mdogo wa ukoo ndiye anayeutikisa msitu kwa sauti, na yule mkubwa, awezaye kuangusha ukuta wa jiko, hupita nyuma ya bweni usiku kwa miguu laini, na wewe usijue mpaka asubuhi uone nyayo zake upana wa sinia. Mzee wetu alitufundisha kutoogopa kelele, na kutoudharau ukimya. Nimekuwa mchungaji kwa miaka mingi sasa, na somo hilo limenisaidia hata katika mikutano ya baraza la kanisa.

Nami nilipokuja kusoma Zaburi ya 104 kwa makini, nilimkuta humo mtu wa nyumba ile ile. Wengi wetu tumesoma neno "wibari" kanisani, tukalipita kama jina la nchi ya mbali. Wibari wa Biblia ni yule anayekaa kwenye miamba, ambaye kwa Kiswahili cha kila siku tunamwita pimbi. Nduguye wa mitini ndiye perere. Mtunga zaburi anasema kwamba miamba iliwekwa iwe kimbilio lake. Yaani Mungu alipokuwa akiumba majabali, alikuwa na mpangaji moyoni, tena mpangaji mdogo asiyeweza kulipa kodi.

Soma zaburi hiyo nzima usiku wa leo. Utaona imepangwa kama ratiba iliyobandikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mungu aliweka mwezi na jua wapige kengele. Jua likishuka, ni zamu ya wanyama wa mwitu. Wanatambaa kutoka msituni, na wana-simba wananguruma. Jua likipanda, wanarudi kujilaza mapangoni, ndipo mwanadamu anatoka kwenda kazini kwake, mpaka jioni. Zamu mbili, ardhi moja, bwana mmoja.

Tena angalia jambo ambalo zaburi inasema juu ya ngurumo ya simba: kwamba anamwomba Mungu chakula chake. Wale waliosoma shule za upande wa chini, kuelekea Mbuga ya Taifa ya Meru, wanaijua sauti hiyo jinsi inavyosafiri usiku. Wageni kutoka Ulaya huja mpaka huko kutafuta kaburi la Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson, akafa mwaka 1961 na kuzikwa huko, miaka mitano kabla nchi ile haijatangazwa kuwa mbuga. Wanalia pale kaburini. Sisi wenye mbuzi hatujafika mahali pa kulia, na sioni kwamba tunapaswa kuona haya kwa hilo. Lakini zaburi inatudai jambo moja dogo, tukubali kwamba simba naye ana maombi, na kwamba yanasikiwa.

Sasa njoo nami kwenye foleni ya chakula. Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini. Ikigongwa saa saba, vijana mia tatu wanatoka mbio na sahani zao. Mpishi anachota mahindi na maharagwe kutoka sufuria kubwa kama pipa. Na juu ya paa la jiko, kwa mstari ule ule, wamekaa kima. Hawakuwa na saa, wala hawakuchelewa hata siku moja. Ukisimama vibaya, ukageuka kumjibu mwenzako, mkono mweusi unashuka na sahani yako imekuwa nyepesi. Zaburi inasema viumbe vyote vinamngoja Mungu avipe chakula kwa wakati wake, naye akiufungua mkono wake wanashiba. Nilikuwa nikitazama mistari ile miwili, mmoja chini na mmoja juu ya mabati, na kwangu maneno hayo yalikuwa wazi kama mchana.

Lakini, ndugu msikilizaji, yalikuwa wazi kwa sababu mahindi yale hayakuwa yangu.

Karibu na shule alikaa mama mmoja mjane. Shamba lake lilikuwa la nusu ekari, mahindi na maharagwe, na mpaka wake wa juu ulikuwa msitu. Mwanawe alikuwa mbele yangu darasa moja. Siku hizo shule nyingi zilipokea mahindi na maharagwe kwa debe, yakahesabiwa kuwa karo, na mama huyu alilipa hivyo. Ikafika mwaka ambao mvua ilikuwa nzuri. Yalibaki majuma mawili hivi avune. Usiku mmoja wakaja ndovu watatu. Yeye na binti yake walipiga madebe, wakawasha moto, wakapaza sauti hata sisi tukasikia bwenini. Ndovu hawakuwa na haraka. Walichokula ni kidogo kuliko walichokanyaga. Kulipopambazuka, shamba lilikuwa kama uwanja wa mpira baada ya mnada wa ng'ombe.

Jumapili ile ibada ilikuwa katika ukumbi wa shule, na majirani walikuja kama kawaida. Mhubiri alikuwa mgeni, hakuwa na habari. Alichagua Zaburi ya 104, akahubiri vizuri sana juu ya mkono wa Mungu unaofunguka. Baada ya baraka watu wakatoka. Mama yule akabaki ameketi. Mhubiri alipomwendea kumsalimu, alisema kwa utulivu, bila machozi: "Mchungaji, mkono huo ulifunguka Jumatano juu ya shamba langu. Njogu wameshiba. Sasa niambie, mimi nitafunguliwa upi?"

Baadaye nilikwenda chuo cha theolojia. Nilifanya mitihani juu ya maswali mengi ya watu wenye elimu, na sikumbuki lililokuwa zito kuliko hilo.

Mhubiri yule hakumjibu. Aliketi kwenye benchi kando yake, na kofia yake mkononi, wakakaa kimya muda mrefu. Wengine walidhani ameshindwa. Mimi nadhani alikumbuka marafiki wa Ayubu, ambao walifanya kazi njema kwa siku saba walipokaa chini pamoja naye bila kusema, nao wakaiharibu siku walipofungua vinywa.

Na kwa kuwa nimemtaja Ayubu, tutazame kidogo jinsi Mungu mwenyewe alivyomjibu mtu aliyepoteza kila kitu. Ni jibu geni. Ayubu anauliza habari ya haki, na Mungu anamwonyesha wanyama: simba anayewawindia watoto wake, kunguru, mbuzi mwitu anayezaa mlimani bila mkunga, punda mwitu asiyefungwa nira, mbuni anayesahau mayai yake mchangani. Hakuna hata mmoja anayemfaa Ayubu kwa kazi au kwa nyama. Mwishoni wanakuja wawili ambao Biblia yetu ya Kiswahili inawaita kiboko na mamba. Na juu ya kiboko, Mungu anamwambia Ayubu kwamba alimfanya pamoja naye.

Watu wa Mbeere wanalifahamu neno hilo kuliko sisi wa mlimani. Kati ya mwaka 1968 na 1988 mabwawa matano yalijengwa juu ya Mto Tana, kwanza Kindaruma, halafu Kamburu, Gitaru, Masinga, na mwisho Kiambere. Yametupa umeme. Yametandaza pia maji mapana mahali palipokuwa na mto mwembamba, na kiboko na mamba wakapata makao makubwa mlangoni pa watu. Hifadhi ya Mwea ilitangazwa mwaka 1976 kando ya maji hayo hayo. Kiboko hushinda majini na kutoka usiku kula nyasi. Alfajiri anarudi kwa njia yake ile ile, naye hampishi mtu. Sasa fikiri shule isiyo na tangi, inayowatuma watoto mtoni na ndoo kabla ya gwaride la asubuhi. Watoto wanashuka wakati kiboko anarudi. Hapo hakuna pepo, wala laana ya ukoo, kama nilivyowahi kusikia ikisemwa. Ni zamu mbili zimegongana. Nimeona shule iliyojenga tangi moja la kukinga maji ya mvua ya paa, na safari ile ya alfajiri ikakoma.

Kwa hiyo nina neno kwa walimu wakuu na halmashauri za shule. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo yaanze saa mbili asubuhi. Lakini bado tunawakuta watoto wa kutwa wakipita kando ya msitu saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi ya simu, ili wawahi masomo ya ziada. Alama zinatafutwa, naelewa. Zaburi imeweka mpaka: jua litoke kwanza, wenye zamu ya usiku warudi kwao, ndipo mtu atoke. Ndovu hasomi kanuni za wizara, lakini hii ya Mungu anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi.

Narudi kwa yule mama, maana hatujammaliza. Kuna watu wa namna mbili ambao huwahi kumjibu. Wa kwanza anakaa mjini, anamwambia kwamba ndovu ni mali ya taifa na huleta watalii. Ni kweli, lakini hasara si ya taifa. Ni ya nusu ekari. Wa pili anasema wanyama wauawe wote na msitu ukatwe. Huyo tulikwisha kumjaribu. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipouzunguka Mlima Kenya kwa ndege, liliona miti iliyokatwa, tanuri za makaa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Na Imenti yetu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Je, wajane walineemeka? Vijito ndivyo vilivyopungua, na ndovu, walipokosa mahali pa kujificha, walizidi kuonekana mashambani.

Mengine yamefanywa tangu hapo, na ni haki kuyasema. Ndovu wa mlimani wana njia yao ya kale ya kushuka kwenda nchi kavu za kaskazini. Mwaka 2011 ilifunguliwa njia ya ndovu kati ya Mlima Kenya na Lewa, urefu wa kilomita 14 hivi, nayo inapita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Magari yanapita juu, ndovu chini. Mwaka 2012 ukaanza kujengwa uzio wa umeme wa kuuzunguka msitu wa mlima. Wako wakulima wa sehemu nyingine za Kenya waliotundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa ndovu humwogopa nyuki; huvuna asali na kuokoa mahindi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeandika fidia: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na mazao nayo yana sehemu yake. Malipo hukawia. Hata hivyo, asiyeandikisha hasara yake hana hata cha kungojea. Ukipatwa, usifyeke shamba kwa uchungu. Liache lionekane, uwaite maofisa wa wanyamapori na chifu mapema, ujaze fomu. Ninyi makatibu wa parokia mnaojua kuandika vizuri, kazi hiyo ni huduma ya madhabahuni kama kubeba msalaba. Mwandikieni mama fomu yake.

Mwaniuliza, na yule mama je? Jumamosi iliyofuata mwalimu wa zamu alituacha tukaenda shambani kwake, vijana arobaini hivi. Tuliokota mahindi mabichi yaliyofaa kuchemshwa, tukafunga mabua kwa ajili ya ng'ombe wake mmoja. Kanisani watu walileta debe moja moja, wengine nusu, na mzee mlinzi, ambaye mshahara wake sote tuliujua ni mdogo, alileta debe zima la maharagwe, akaliweka chini na kuondoka bila kuimba nasi. Hazikutosha. Kijana alikaa nyumbani majuma matatu ndipo akarudi, na mtihani wa muhula huo ulimpita. Sitaki kuwapambia habari hii.

Lakini msimu uliofuata mama alipanda tena hadi mpaka wa juu. Na usiku wa kulinda mahindi yalipokomaa, hakulinda na binti yake peke yao. Majirani walipanga zamu, watu wanne kila usiku, na mchungaji wa parokia alichukua usiku wa Jumatano. Walikaa na moto wao hata jogoo wakawika. Perere alipiga kelele juu ya mti, hakuna aliyeinua kichwa.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, uliyewapa wanyama usiku na sisi mchana, utulinde saa hizi ambazo mipaka yake haionekani. Uwakumbuke watoto waliolala mabwenini usiku wa leo, na hasa yule aliyeletwa juma hili na bado hajajua sauti ni ya nani. Uwakumbuke walinzi wanaozunguka na tochi zenye betri chache. Uwakumbuke wanaokaa vibandani katika mashamba, moto wao usizimike, wala wasikae peke yao. Ndovu wapite kwa njia yao, washibe huko ulikowawekea. Na kila mama ambaye shamba lake limekanyagwa, umpe mtu wa kuketi naye kwenye benchi, na mtu wa kumletea debe, kwa jina la Yesu Kristo, ambaye naye alikaa siku arobaini nyikani pamoja na wanyama wa mwitu. Amina.